Kuwavusha ndege wa uani wakati wa kiangazi: mwongozo kamili kwa wakazi wa Dar es Salaam

Ukitaka kujua kiu ya ndege wa mji huu, tazama bomba la kiyoyozi saa 8 mchana, mwishoni mwa Septemba. Shomoro wanasubiriana ukutani. Mmoja anadaka tone, anampisha mwenzake. Midomo iko wazi na mabawa wameyaachanisha na mwili ili hewa ipite. Ndege akikaa hivyo ujue anatweta, joto limemzidi.

Bibi yangu aliishi Tandika, na chini ya mwembe wake kulikuwa na kipande cha chungu kilichovunjika. Kila alfajiri baada ya kuswali alikimwaga, akakisugua kwa kumbi la nazi, akakijaza maji upya. Sisi wajukuu tuliona ni mazoea ya kizee tu. Miaka mingi baadaye nilipopata ua wangu mwenyewe Tabata, nikaanza kutafuta mtandaoni namna ya kuwasaidia ndege. Karibu maelekezo yote yalihusu majira ya baridi ya Ulaya: vunja barafu kwenye beseni la maji, tundika mafuta yaliyochanganywa na mbegu. Kule ni ushauri mzuri, kwa sababu ndege mdogo huunguza akiba yake ya mafuta usiku kucha ili baridi isimuue. Lakini mafuta hayo ukiyatundika Tabata mwezi wa pili, yatalainika na kuchuruzika kabla ya adhuhuri, na yakimshika ndege manyoyani yanamharibia kuruka.

Ndege wetu shida yao inakuja na kiangazi. Baada ya miaka kadhaa ya kujaribu na kukosea, nimerudi pale pale kwenye kigae cha bibi: maji kwanza, kivuli kifuate, chakula mwisho. Nitafuata mpangilio huo.

Ijue kalenda ya shida

Dar tuna vipindi viwili vikavu, na havifanani.

Cha kwanza ni kirefu, kuanzia Juni masika yakiisha hadi Oktoba. Watu wengi huanza kuwahurumia ndege Juni na Julai kwa sababu kusi inavuma na usiku kuna kibaridi. Kwa kweli miezi hiyo ndege wanashiba. Masika yameacha nyasi zimejaa mbegu kila kiwanja kisichojengwa. Mambo hubadilika Agosti: nyasi zimekauka, zimefyekwa au zimechomwa moto. Septemba na Oktoba ndiyo miezi migumu kuliko yote, maana hakuna mbegu, hakuna madimbwi, na jua linazidi kuwa kali.

Kipindi cha pili ni Januari na Februari, kati ya vuli na masika. Njaa hapo si kubwa, lakini joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33 kivulini na usiku haupoi. Hapo wanahitaji maji na kivuli, na chakula unaweza kukisahau kabisa.

Kuna jambo moja lililonichukua muda mrefu kulielewa. Mvua za kwanza za vuli zikinyesha, sisi tunafurahi, tunadhani na ndege wamepona. Walaji wadudu wamepona kweli, kwa sababu kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu na kila shore anakula hadi anachoka. Lakini ile mvua inaziotesha mbegu zilizobaki ardhini, zote kwa pamoja. Chiriku aliyekuwa akiokota mbegu moja moja kwenye vumbi ghafla hana cha kuokota, na majani machanga bado hayajazaa. Kwa hiyo usikunje jamvi siku mvua inapoanza. Endelea kuweka mbegu wiki tatu au nne, mpaka uone nyasi za kiwanja cha jirani zimetoa masuke.

Oktoba pia ndiyo mwezi wageni wanapowasili. Mbayuwayu na keremkerem wanaokimbia baridi ya Ulaya hukaa huku Afrika hadi karibu Aprili. Hao hawatatua kwenye sahani yako, kwani mbayuwayu hunywa maji huku akiruka. Wanachohitaji ni wadudu angani, na hilo nitalirudia nikifika kwenye dawa za kupuliza.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kununua chochote

Tumia asubuhi tatu, kuanzia saa 12:30 hadi saa 2. Kaa barazani na chai yako, andika unachokiona. Utagundua ua wako una wateja wa aina tofauti, na kila aina ina haja yake.

Shomoro, mnana na chiriku ni walaji mbegu. Tetere, pugi na njiwa nao hula mbegu, ila wanataka kuokota chini. Shore, yule mwenye kichwa cheusi na rangi ya njano chini ya mkia, anapenda matunda na wadudu. Pasa utawajua kwa mikia mirefu na mtindo wao wa kupanda matawi kama panya, tena kwa makundi. Wanakula matunda, machipukizi na hata mchicha wako mchanga. Chozi wanafyonza maua na kuokota buibui wadogo. Ukiwa na kichaka kinene huenda ukamsikia dudumizi, mlio wake ukishuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Wazee husema anaita mvua.

Mlaji mbegu ndiye anayeumia zaidi kwa kukosa maji. Mbegu kavu karibu haina unyevu ndani, hivyo lazima anywe kila siku. Shore aliyekula papai amekwisha kunywa nusu. Ukiona ua wako una shomoro na tetere wengi, anza na maji leo leo.

Hatua ya 2: Maji

Hapa ndipo nitakapokawia, kwa sababu ukifanya hatua hii peke yake na ukaacha nyingine zote, umekwisha kuwasaidia kwa sehemu kubwa.

Ndege hawatoi jasho. Joto likizidi wanatweta, na kila pumzi inaondoka na maji ya mwilini. Mwili wa ndege mdogo una joto la nyuzi 40 na zaidi hata akiwa mzima, kwa hiyo nafasi aliyonayo kabla ya kuzidiwa ni ndogo.

Chombo. Kinachofaa kuliko vyote ni ile sahani ya udongo inayowekwa chini ya chungu cha maua, isiyopakwa rangi wala vanishi, yenye upana wa sentimita 30 hadi 40. Wauza miche wa kando ya barabara wanazo. Udongo unapooza maji kama mtungi unavyopooza, na uso wake unakwaruza, vidole vya ndege haviteleze. Plastiki inateleza. Bati likipigwa jua linaunguza.

Kina. Katikati kisizidi sentimita 5, na pembeni kiwe sentimita 2 au pungufu. Mwaka wangu wa kwanza niliweka beseni la kufulia, nikaona fahari kwamba ndege wangu wana bwawa. Siku ya tatu nikakuta kinda la shomoro limekufa maji. Lilishindwa kupanda ukuta wa beseni. Sijaisahau asubuhi ile. Kama chombo ulichonacho ni cha kina kirefu, jaza mawe na kokoto mpaka vilele vitokeze juu ya maji, ndege apate pa kusimama.

Ukitazama kwa makini utaona wanavyotofautiana kunywa. Shomoro anachota tone, anainua kichwa, anameza. Tetere na njiwa wanazamisha mdomo na kufyonza bila kuinua kichwa. Ndiyo maana sahani iwe na upande wenye maji ya kutosha mdomo kuzama, na upande mwingine uwe karibu mkavu.

Mahali. Weka sahani mbili kama unaweza. Moja iwe chini kwa ajili ya tetere na pugi, nyingine juu ya kigingi cha mita moja na nusu kwa ajili ya wadogo. Zote ziwe kama mita 2 kutoka kwenye kichaka au mti. Ikiwa karibu zaidi, paka anajificha majanini na kuruka. Ikiwa mbali zaidi, ndege akiona kipanga hana pa kukimbilia. Kuanzia saa 5 hadi saa 10 sahani iwe kivulini.

Mbu. Sasa tuseme ukweli wa Dar. Maji yaliyotuama uani ni hatari kwa watu, na jirani atakayekuja kukulalamikia ana haki. Mji huu ulipigwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu anayeieneza, Aedes, anapenda hasa vyombo vidogo vya karibu na nyumba, na huuma mchana. Anataga mayai kwenye ukingo wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa siku maji yanapoyafikia. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi.

Fanya hivi kila asubuhi. Mwaga maji ya jana kwenye udongo, chini ya mgomba au mpapai, viluwiluwi vife. Kisha sugua sahani yote kwa brashi au kumbi, ukikazania ukingo. Suuza, jaza upya. Kwa joto letu yai huchukua kama wiki moja kuwa mbu anayeruka, hivyo ukisugua kila siku hakuna mbu atakayezaliwa kwako. Kama unajua huwezi kufanya hivi kila siku, usiweke sahani. Nasema hivi kwa moyo mzito, lakini sahani iliyosahaulika ina madhara kuliko faida. Ukisafiri, igeuze kifudifudi.

Maji gani? Yale unayoweza kunywa au kupikia. Visima vingi vya Dar, hasa karibu na pwani, vina maji ya chumvi. Yaonje. Yakikushinda wewe, yatamshinda na shomoro. Maji ya kufulia na ya vyombo yana sabuni, na sabuni inaondoa mafuta kwenye manyoya. Hayo mwagilia miti. Sahani mbili zinatumia kama lita 3 kwa siku. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua na mji ukaingia kwenye mgao wa maji, mimi nilitenga dumu moja la lita 20 kwa ajili ya ndege, likanitosha karibu wiki nzima.

Chozi hawaji sahanini. Wanaoga kwenye majani yenye maji. Saa 1 asubuhi nyunyiza mgomba au mti wenye majani mapana, kisha rudi nyuma usimame kimya. Kuna siku nimeona chozi dume akijiburuza juu ya jani la mgomba mpaka rangi zake zikawaka kama glasi, na nikachelewa kazini kwa ajili yake.

Hatua ya 3: Kivuli na udongo

Nina ugomvi na pevingi. Najua zinazuia matope na ua unaonekana nadhifu. Lakini ua uliofunikwa pevingi kutoka ukuta hadi ukuta saa 8 mchana ni kikaango. Hauna mdudu, hauna mbegu, hauna vumbi la kuogea. Kama bado hujazitandaza, acha ukanda wa udongo wa mita moja kando ya ukuta. Kama umekwisha kuzitandaza, ng'oa mistari miwili pembeni. Fundi anamaliza kwa nusu siku.

Kwenye ukanda huo acha sehemu ndogo ya mchanga mkavu, ukubwa wa sinia. Shomoro huoga vumbi ili kuondoa chawa na mafuta yaliyozidi.

Jambo jingine ni ufagio. Tumelelewa kufagia uwanja kila asubuhi mpaka uonekane mistari ya fagio, na majani makavu tunayachoma moto. Fagia, sikukatazi. Ila majani yale yasukume kwenye kona moja ya mbali na mlango, chini ya mti. Ndani ya wiki chache kona hiyo itakuwa na mende wadogo, buibui na jongoo, na ndege walao wadudu watakuja kuparuaparua hapo. Nasema mbali na mlango kwa sababu nyoka nao wanapenda majani. Lundo liwe dogo, na watoto wasichezee hapo.

Kupogoa miti kusubiri. Ndege wengi wa hapa hujenga viota mvua zikianza, kwa hiyo fanya kazi hiyo Julai au Agosti, na hata hapo angalia kwanza matawini. Acha kila mti upande mmoja wenye majani mazito, usiunyoe wote.

Hatua ya 4: Chakula, kwa kiasi

Mbegu. Uwele, mtama na chenga za mchele zinatosha. Soko la Tandale lina nafaka hizi zote. Changanya sehemu mbili za uwele na sehemu moja ya chenga. Mtama ongeza kama una tetere wengi. Kabla ya kununua, chota mkononi na unuse. Harufu ya uvundo au vumbi la kijani ni dalili ya kuvu, na kuvu ya nafaka huzaa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu huko Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoathirika. Ndege ana uzito wa gramu chache tu, kwa hiyo usimpe nafaka ambayo wewe usingeila.

Kiasi ni ukufi mmoja saa 12:30 asubuhi. Ikifika saa 4 na bado zipo, kesho punguza. Septemba na Oktoba ongeza ukufi wa pili saa 10 jioni. Jua likizama pasibaki hata punje, maana zilizobaki ni karamu ya panya.

Matunda. Papai lililoiva sana, lipasue nusu, lichomeke kwenye msumari ulioupigilia juu ya tawi. Shore watafika ndani ya saa moja, na pasa baada yao. Ndizi na embe pia zinafaa. Wauza matunda jioni wanauza kwa bei ya kutupa yale yaliyolegea. Ondoa maganda kila jioni, la sivyo asubuhi utakuta sisimizi wamehamia. Ukitundika kitu chochote kwa waya, pitisha waya katikati ya kikombe kidogo chenye maji, sisimizi hawatavuka. Kikombe hicho nacho kisugue kila siku kwa sababu ya mbu. Usipake grisi kwenye waya, itawashika ndege wenyewe.

Pasa watakula mchicha wako, hilo usijidanganye. Mimi nafunika tuta kwa matawi ya mnazi kwa wiki mbili za kwanza, na papai nalitundika upande wa pili wa ua. Inasaidia kiasi.

Mkate, chipsi, wali wenye chumvi na makombo ya mboga yenye mafuta havifai. Mkate unamjaza ndege tumbo bila kumlisha, na chumvi inamwongezea kiu ambayo ndiyo tunayopigana nayo. Maji ya sukari kwa ajili ya chozi nimeyaacha, kwa sababu kwa joto hili yanachacha kabla ya jioni na kuvuta sisimizi na nyuki. Maua yanafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Hatua ya 5: Usilishe kunguru

Hii ndiyo hatua ambayo mwongozo wowote wa Dar ukiikosa haufai. Kunguru mwenye shingo ya kijivu tunayemwona kila jalala si wa hapa. Alitoka India, akaletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, kisha akaenea bara. Anakula mayai na makinda ya shore, chozi na mnana, na vifaranga wa kuku juu yake. Ukimwaga mchele uani ovyo, unamlisha adui wa hao unaotaka kuwaokoa, na akizoea kwako atakagua kila kiota kilichopo.

Usimchanganye na kunguru mwenye kifua cheupe na shingo nyeupe. Huyo ni mwenyeji.

Njia niliyoiona inafanya kazi ni kizimba cha chakula:

1. Nunua wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya mraba ya sentimita 4. Shomoro, chiriku na mnana wanapita. Kunguru hapiti.

2. Mwambie fundi atengeneze boksi la sentimita 50 kila upande, na kifuniko cha juu kinachofunguka ili uweze kusafisha. Ncha zote za waya zikunjwe ndani ya fremu zisichome.

3. Katikati weka kibao cha chakula cha sentimita 20 kwa 20, chenye ukingo mdogo na vitundu vya kutolea maji. Pande zote kutoka kwenye wavu kutabaki sentimita 15. Nafasi hii ni muhimu, kwa sababu kunguru ataingiza mdomo na shingo, na kibao kikiwa karibu atafagia kila kitu.

4. Kitundike au kiweke juu ya nguzo, kimo cha kifua chako. Nguzo izungushie bati laini la nusu mita ili paka na panya wasipande.

5. Subiri. Ndege wanaogopa kitu kigeni. Kwangu ilichukua siku tisa kabla ya shomoro wa kwanza kuingia, na siku ya kumi walikuwa kumi na wawili.

Tetere hawapiti kwenye matundu hayo. Wao wanyunyizie mbegu kidogo sana chini ya kichaka kinene, ambako kunguru hapendi kuingia, na uzitawanye ili wasigombanie sehemu moja.

Pamoja na kizimba, funika pipa la taka, na utumbo wa samaki ufukie badala ya kuutupa nje. Usijaribu kutega sumu mwenyewe. Sumu haichagui, na itawafikia mbwa wa jirani, mwewe na kuku kabla haijampunguza kunguru mmoja.

Hatua ya 6: Usafi, na kuku wako

Ndege wengi wakikutana sehemu moja, ugonjwa unapata njia. Mara moja kwa wiki toa kibao na sahani, visugue kwa maji ya moto na sabuni, suuza sana, vianike juani mpaka vikauke kabisa. Hamisha kizimba mita chache kila mwezi ili kinyesi kisirundikane. Ukiona ndege amevimba manyoya, amesinzia mchana na hakimbii, au njiwa mwenye uvimbe machoni na mdomoni, acha kuweka chakula kwa wiki mbili. Watatawanyika, na kutawanyika ndiyo tiba. Ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu.

Kama unafuga kuku wa kienyeji, kizimba na sahani za ndege viwe mbali na chakula na maji ya kuku, upande mwingine wa ua kabisa. Kideri hukumba kuku sana miezi ya kiangazi, na njiwa wanaweza kukibeba. Chanjo ya matone ya jicho hutolewa kila baada ya miezi mitatu. Hakikisha kuku wako wameipata kabla hujaanza kualika ndege.

Hatua ya 7: Punguza yanayoua

Vioo. Nyumba nyingi mpya zina vioo vyenye kivuli vinavyoakisi miti na anga. Ndege anaona njia, anajigonga kwa kasi yote. Upande wa nje ning'iniza nyuzi kutoka juu hadi chini, kila moja sentimita 10 kutoka kwa mwenzake. Au chora mistari kwa sabuni ya mche. Kibandiko kimoja katikati ya dirisha hakisaidii.

Dawa za kupuliza. Ukipuliza bustani nzima kwa ajili ya mbu, umeua pia chakula cha mbayuwayu, shore na makinda yote, maana hata ndege mla mbegu huwalisha watoto wake wadudu. Ua mazalia ya mbu kwanza: makopo, matairi, maji yaliyotuama kwenye mifereji ya paa.

Sumu ya panya. Bundi anakula panya, na panya aliyekula sumu anamuua bundi. Najua wengi wetu tumefundishwa kumwogopa bundi na kumpiga mawe akitua juu ya paa. Huyo anayetua juu ya paa lako amekuja kwa ajili ya panya wako. Tumia mtego wa chuma, mwache afanye kazi yake.

Manati. Watoto wa mtaa hupiga tetere na pugi, hasa kipindi hiki wanapokusanyika kwenye maji. Kuwafokea hakukunisaidia. Kilichosaidia ni kumpa mtoto mmoja kazi ya kujaza sahani kila siku akitoka shule. Yeye mwenyewe akawa mlinzi, na wenzake wakamsikiliza kuliko mimi. Wakubwa wanaotega ndege ili kuwauza wakumbushwe kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata wanyamapori bila kibali, na ndege wamo.

Ukimkuta ndege amezidiwa na joto

Amekaa chini, mdomo wazi, macho yanafumba, hakimbii. Mfunike kwa kitambaa chepesi, umweke kwenye boksi la kadibodi lenye vitundu, ulifunge, uliweke mahali penye kivuli, ubaridi na ukimya. Ndani weka kifuniko cha chupa chenye maji. Usimminie maji mdomoni. Yanaingia kwenye mapafu na kumuua. Usimpe chakula, na usimfungue kila dakika umwangalie. Baada ya saa moja peleka boksi karibu na mti, lifungue, rudi nyuma.

Kinda lenye manyoya lililoko chini mara nyingi halijapotea, linajifunza kuruka na wazazi wako jirani. Lipandishe kwenye tawi la karibu ili paka wasilifikie, uondoke. Si kweli kwamba mama atalikataa kwa kuwa umeligusa. Kinda lisilo na manyoya lirudishe kiotani kama unakifikia.

Kwa ajili ya kiangazi cha mwakani

Sahani na kizimba ni msaada wa dharura. Kinachobaki ni miti. Ukianza Machi, masika yatakumwagilia bure.

Kwa ajili ya chozi: mgomba, mshubiri, haibiskasi na mlonge. Mshubiri kwangu hutoa maua katikati ya kiangazi, wakati maua mengine ni haba. Kwa ajili ya shore na pasa: mpapai, mpera, mzambarau, na mkuyu kama una eneo kubwa, kwa maana mizizi yake haitaki ukuta karibu. Kwa walaji mbegu, acha mashina kumi ya mchicha yakue mpaka yatoe mbegu, usiyang'oe yakikauka. Ni chakula cha wiki kadhaa na hakigharimu chochote.

Kama una nafasi ya mti mmoja tu, uwe mlonge. Kata kijiti cha unene wa kifundo cha mkono na urefu wa mita moja, kiache kivulini siku tatu kidonda kikauke, kisha kichomeke theluthi yake ardhini wiki ya kwanza ya mvua. Majani utachuma mboga, na kikishika vizuri, maua ya kwanza yanaweza kutoka ndani ya mwaka. Chozi watakuwa wa kwanza kukuarifu.